Kanga wa Mbele, Kwale wa Nyuma

Mtaani walimwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kusoma ufundi miezi minne kabla ya kuonyeshwa mlango. Alikuwa na vitu viwili vya kuringia: mjukuu wake wa miezi saba, na ndege wake. Kanga thelathini walikaa uani mbele, karibu na geti. Kwale kumi na wawili walikaa nyuma, kwenye banda la waya lililobanwa katikati ya stoo na chumba cha kulala.

"Kanga ni askari," aliwaambia wateja waliokuja kununua ndege huku akijipiga kifua. "Jicho kali, mdomo kama wa shangazi yangu. Akiona kivuli tu, mtaa mzima mtaamka. Kwale? Mwoga wa kuzaliwa! Akiogopa anajibana chini, kimya, anasubiri umkanyage. Yule ni nyama, si mlinzi."

Wateja walicheka. Yeye alicheka kuwazidi.

Asubuhi moja binti yake alikwenda kazini, na mtoto akalazwa stoo kama kawaida, kwenye kigodoro kando ya magunia ya pumba, maana huko ndiko kulikuwa na ubaridi. Mkewe akatoka kulisha kwale, akarudi na bakuli limejaa vilevile.

"Babu, hawali."

"Wamevimbiwa."

"Wamerundikana ukuta wa chumbani, wote. Wamejilaza, hata macho hawapepesi. Upande wa stoo hakuna hata mmoja."

"He! Bibi siku hizi unasoma ndege kama gazeti?" Injinia akainua kidole. Kule mbele kanga walikuwa wakichakura taratibu. "Unasikia? Kimya. Hakuna kilichopita getini."

"Kilichopita kwa miguu yake," mkewe alisema. "Na ulichokipitisha wewe mgongoni? Lile gunia la pumba la jana?"

Injinia alifungua kinywa atoe mzaha, akakumbuka. Gunia lile lilikuwa na tundu ubavuni. Aliliona, akasema panya.

Aliingia stoo kwa ncha za vidole. Mtoto alikuwa usingizini, kiganja wazi. Pua na mdomo na kiganja kile, kwenye pumba iliyomwagika, palikuwa na mfereji uliopindapinda, mpana kama kifundo cha mkono wa mtu mzima. Hapakuwa na alama ya unyayo hata moja. Ni nyoka tu apitaye hivyo.

Alimnyanyua mtoto na blanketi lake, bila kuvuta pumzi, akamkabidhi mkewe mlangoni.

"Chumbani. Mweke kitandani, ufunge mlango."

Kisha akachukua panga na fimbo, akaanza kupindua magunia. La kwanza, pumba. La pili, pumba. Aliposogeza la mwisho, nyuma yake palikuwa na tundu chini ya ukuta, tundu la kazi yake mwenyewe. Alilitoboa apitishe waya wa taa kutoka chumbani, ukatize bandani, uingie stoo. Mafundi wengine hutoboa tundu la kidole. Injinia alitoboa la ngumi, mawili, moja kila ukuta, akajisifu wiki nzima.

Alitoka mbio kuzunguka bandani.

Kwale walikuwa wamehama. Wote kumi na wawili walijibana ukuta wa stoo, matumbo chini, wamekufa ganzi. Upande wa chumbani palikuwa peupe. Kule mbele kanga bado walichakura, na ndani ya chumba mkewe alikuwa kitandani akimbembeleza mtoto kwa wimbo.

Injinia alisogeza mdomo kwenye nondo za dirisha.

"Bibi," alinong'ona. "Usishushe miguu."

Wimbo ukakatika.

"Wamehama?"

"Wamehama."

Akasikia kitanda kikilia, mkewe akijivuta katikati na mtoto. Injinia alivua viatu, akashika panga vizuri, akasukuma mlango.