Lori la Ngige Halikunywa Dawa

Jirani yake Wacuka, Wamboi, ndiye aliyeleta habari, akiwa bado mlangoni na sufuria mkononi.

"Mama Gathii, umesikia? Ati mzee Ngige amelaza injini kwa kiti cha mkewe Rosaline. Rosaline mwenyewe siku hizi anakaa jikoni na kuku!"

Wacuka alicheka, akamfunga vizuri mgongoni Gathii wake wa miezi michache, akaenda kujionea.

Zilikuwa pistoni tu, zimefunikwa kwa leso ya Rosaline, maana watu walikuwa wanapukuchua mahindi na vumbi halikuacha nyumba. Injini yenyewe ilikuwa uani, kando ya lori lake, Bedford kuukuu ambayo Ngige aliendesha tangu ujana, akibeba mahindi ya Naitiri na vitunguu vya Suam. Ilikuwa imelala miaka mingi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Sasa bintiye Nyambu, aliyeolewa Kibabii kule Bungoma, amejifungua mvulana wa pili, na kwao mvulana wa pili huchukua jina la babake mama. Ngige mdogo yuko Bungoma. Ngige mkubwa akaapa hataenda kumwona kwa gari la mtu. Ataenda na lori lake, ndizi na viazi nyuma.

Basi akafungua injini yote, akazitia pistoni ringi mpya. Wacuka alikuwa akimaliza kufua anakuja kutazama. Alipenda vile mzee alipangusa kila nati, taratibu, kama anayempangusa mtoto pua.

Siku ya kuiwasha, Daud wa duka la spea karibu na msikiti alileta chupa ya dawa ya kuongeza kwa oili. Lori likakohoa, likanguruma, Rosaline akapiga kigelegele. Halafu moshi wa bluu ukajaa uani hadi nguo za Wamboi zikapotea kwenye kamba.

"Si nilikwambia!" Daud akapiga kelele. "Weka dawa, bana! Mzee kama huyu bila dawa ataishia Kiminini, Bungoma asiione."

"Mzee ni wewe. Injini ni mpya."

Lakini kifuniko cha chupa kilikuwa tayari mkononi mwa Ngige. Aliangalia moshi, akaangalia ndizi zilizoanza kuiva zikimngoja.

Wacuka hakuwa mtu wa kuingilia. Leo alishindwa kunyamaza.

"Guka," akamwita kama babu yake, "si jana ulisema ringi mpya lazima zisuguane na silinda kwanza, mpaka zishikane? Na hii dawa si ni ya kutelezesha?" Akamtikisa mtoto mgongoni. "Huyu naye alipokuwa akilia siku za kwanza, watu waliniletea dawa za tumbo za kila rangi. Nesi akasema maziwa pekee, ngoja azoee dunia."

Ngige alizima injini. Kisha akafunga chupa, akamrudishia rafiki yake.

"Nitakuitisha injini ikizeeka."

"Ikizeeka wewe utakuwa wapi?"

"Pakia magunia ya mahindi! Ringi hujifunza na mzigo."

Wakapakia, wakaelekea milima ya Endebess kulijaribu lori, Daud akinung'unika kando ya dereva. Wacuka akabaki akimenya viazi na Rosaline, masikio yote barabarani.

Jioni walisikia sauti kabla ya kuona lori: nzito, sawa, kama ya mtu anayeimba akiwa ameshiba. Wacuka akakimbilia bomba la moshi. Hakukuwa na kitu, ila joto likicheza hewani.

"Dawa nitaweka kwa pikipiki yangu," Daud akasema akishuka, na watu wote uani wakavunjika mbavu.

Ngige hakucheka sana. Alinawa mikono kwa sabuni, akarudia tena, akaja akasimama mbele ya Wacuka kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Wacuka mama, kesho ni Bungoma. Lori siliogopi tena. Lakini watoto wangu wote nilikuwa natoka safari nawapata wakitembea. Mdogo hivi sijawahi kubeba." Akanyoosha mikono, oili bado imekaa kwenye mistari ya viganja. "Nipatie huyo kidogo nijifunze. Kichwa kinashikwa wapi?"