Kimya cha Nagoya

Mzee wetu wa simu hakuwahi kupiga simu Japani bila kwanza kufunga vifungo vya koti, ingawa huko hakuna aliyemwona. Ofisini kwetu Sandton, kazi yake ilikuwa kuwauliza mameneja wa viwanda vikubwa vya huko kama biashara ni nzuri, si nzuri sana, au mbaya. Asilimia ya waliojibu 'mbaya' tuliitoa kwenye ya waliojibu 'nzuri', na kampuni za migodi zinazowauzia platini zikajua kama imani ya viwanda hivyo katika biashara imepanda au imeshuka. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, kisha akangoja, kidole gumba kikisugua ukingo wa meza. Nilijiuliza anasikia nini wakati ule.

"Mzee, tunalipia kimya? Eish!" alisema Omollo, bosi wetu. "Mtajie 'nzuri' aitikie, mmalizane. Simu moja tu ndefu tena, mkataba wako basi."

Kesho yake Omollo alisimama nyuma yake. Meneja mmoja wa Nagoya alinyamaza, akanyamaza. Kidole kikasugua meza. Hatimaye meneja akajibu mwenyewe, na mzee akaandika: mbaya.

Ijumaa, siku yake ya mwisho kazini, alinikabidhi simu yake, akiwa ameifuta vizuri.

"Wakisita, dada," aliniambia, "usiwachagulie."