Kondoo Niliyemkosoa Kajiado

Nilienda Kajiado kumwona mjukuu wangu wa kwanza, na nilienda kwa masharti. Binti yangu Wambui alinipigia simu akasema, "Mum, karibu ukae hata wiki mbili. Lakini ukianza kulalamika, Lekishon atakurudisha siku hiyo hiyo. Bado niko na kidonda cha kujifungua, sina nguvu ya kusikiliza." Lekishon ni mume wake. Nilimjibu kwamba mimi silalamiki, nasema tu ukweli. Lakini nilimtamani sana huyo mtoto, nikaahidi kufunga mdomo.

Jumamosi asubuhi, Kitengela, ninakoishi. Lekishon alikuja kunichukua na pikapu yake. Nilikuwa nimebeba unga wa uji na njahi, yale maharagwe meusi tunayompikia mama aliyejifungua. Kabla hatujaiona barabara ya Namanga vizuri, nilikuwa nimeshalaumu joto, foleni na lori lililokuwa mbele yetu.

"Mum, si uliahidi?" Lekishon akauliza akicheka.

"Niliahidi ya Kajiado. Hapa bado ni Kitengela."

Tulipopita Isinya nilijitahidi, nikaimba pambio kimoyomoyo. Lekishon akaanza kunisimulia siku ya kujifungua. Damu ilikataa kukoma, na mama yake akakaa hospitalini na Wambui usiku kucha, akimshika mkono na kumwombea. Mimi niliambiwa kesho yake, mambo yakiwa yametulia. Hata hapo nikalalamika kwamba nilicheleweshwa kuambiwa.

Kajiado, saa ya chakula cha mchana. Nyumba yao iko nje kidogo ya mji, mahali pa upepo wa kukupeperushia kitambaa cha kichwa.

"Takwenya!" mama Lekishon akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko!" nikaitikia, maana hiyo nilikuwa nimefundishwa.

Wakaniwekea mtoto mikononi. Ana masikio yangu, maskini, na nilimpenda papo hapo.

Kisha mama Lekishon akaleta kondoo hadi mlangoni. "Hii kondoo ni yako. Kutoka leo tutaitana Paker, mimi na wewe." Kwao, aliyetoa kondoo na aliyepewa huitana hivyo maisha yao yote. Ni heshima kubwa.

"Asante, lakini si amekonda huyu!" nikasema. "Na mimi nakaa ghorofa ya tatu. Nitamweka wapi, bafuni?"

Nilidhani nachekesha. Hakuna aliyecheka. Wambui akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamgeukia mume wake. "Washa gari."

"Ngoja," mama Lekishon akasema kwa upole. "Chakula iko mezani. Mgeni atuombee kwanza."

Nikasimama, nikaomba kama nilivyozoea. Nikamwomba Mungu mvua, afya, barabara nzuri na maji ya mfereji. Amina.

"Hapo umeomba," akasema mama Lekishon. "Sasa shukuru."

Nikafumba macho tena, nikakosa pa kuanzia. Nikamsikia mtoto akinyonya. "Bwana," nikasema, "asante kwa huyu mama. Binti yangu alipokuwa akitokwa na damu, yeye ndiye aliyemshika mkono. Na mimi sijamwambia asante hata mara moja." Hapo nikalia mbele za watu bila aibu. Nilipoweza kusema tena nikashukuru kwa Wambui kuwa hai, kwa mtoto, kwa Lekishon, kwa kondoo. Ugali ukapoa. Nilipofumbua macho, Wambui naye alikuwa analia.

"Paker," nikamwita mama Lekishon.

"Paker," akaitika. "Kula sasa."

Gari halikuwashwa.

Nilikaa wiki zote mbili. Upepo wa Kajiado sikuupenda, sitawadanganya, na kondoo wangu amebaki huko na wenzake. Kwa miaka nimefunga na kuomba Mungu aniondolee malalamiko. Kumbe yalianza kupungua siku nilipomshukuru mtu aliyekuwa mbele yangu. Bado huwa yananijia. Yakija, natafuta kwanza nani sijamwambia asante, na simkosi.

Asubuhi ya kurudi Kitengela, nilikuwa nafunga begi Wambui alipoingia na mtoto mgongoni. Akapekua begi, akatoa slipas zangu za nyumbani, akazisukuma chini ya kitanda.

"Hizi ziache hapa, Mum."