Jino Zima, Mtoto Kimya

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Gesima ipasuke inimeze na tumbo langu. Mnaliona hili pengo hapa mbele? Watu hudhani ni uzee. Lilikuwa jino zima kabisa, halina hata doa, na nililipoteza kwa sababu ya kuona haya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimba yangu ya kwanza, nimebakiza wiki chache tu, mume wangu yuko kazini Mombasa, na mama mkwe, ambaye ndiye niliyekuwa nikimweleza kila kitu, alikuwa ameondoka alfajiri na ndizi zake kwenda soko la Nyaramba. Nyumbani nikabaki na baba mkwe. Sasa ninyi wa siku hizi mnakula na wakwe zenu meza moja mkichekeana, lakini kwetu Wagusii wakati ule ensoni ilikuwa ensoni, heshima ya kuoneana haya, baba mkwe hakanyagi mlango wa nyumba ya mke wa mwanawe, nami singethubutu kumtajia habari za tumbo, hata kama tumbo lenyewe lilikuwa linatangulia kufika kila mahali. Kwake yeye sikuwa na mimba. Nilikuwa nimenenepa tu.

Kule kliniki sista alikuwa ametuambia kila mtoto ana desturi yake ya kucheza tumboni, tuijue, na akipunguza kuliko kawaida tunywe kitu, tulale kwa ubavu wa kushoto, tumsikilize, na akizidi kunyamaza twende hospitali, tusingoje kesho. Wangu alikuwa mtoto wa fujo. Nikinywa uji tu anarusha mateke mpaka kikombe kinatikisika juu ya tumbo (ndiyo, nilikuwa naweka kikombe juu ya tumbo, sikuwa na kazi). Asubuhi ile nikanywa uji, kimya. Nikalala kwa ubavu, kimya. Nikamwimbia, nikamgongagonga kwa vidole, nikambembeleza kama mtu mzima aliyenuna, kimya. Nikaingiwa na hofu, hofu ya kweli.

Nikatoka. Baba mkwe alikuwa akikata majani makavu ya migomba karibu na zizi, nami nikasimama nyuma ya mgomba ili tusitazamane, nikafungua mdomo niseme mtoto hachezi, nitafutie gari la kunifikisha Kisii, na badala yake nikajisikia nasema, "Tata, jino linaniuma. Linaniuma sana, nataka hospitali."

"Jino?" akasema, macho kwa ng'ombe wake. "Hospitali ya nini na Ondieki yuko hapo chini?"

Ondieki alikuwa fundi viatu, na koleo lake lilikuwa linang'oa misumari na meno vilevile. Kufumba na kufumbua, mzee ameshampigia kelele, Ondieki amefika na kigoda, na wanawake waliokuwa wakichuma chai shamba la jirani wameacha vikapu wamekuja kutazama.

"Lipi?" akauliza Ondieki.

Ningesema nini? Nikaonyesha moja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Jamani, jino zima halikubali kutoka! Mama mmoja alinishika kichwa, Ondieki akavuta mpaka jasho likamtoka, na lilipotoka akaligeuza, akaligeuza tena. "Mbona halijaoza?"

"Haya, mwambieni akapumzike," akasema baba mkwe, amemaliza kazi.

Hapo nikaangua kilio. Jino limekwenda, gari sina, na mtoto bado kimya. Nikapiga ukelele mbele ya wote, damu inanichuruzika kidevuni, "Si jino! Ni mtoto! Mtoto hajacheza tangu asubuhi!"

Wanawake wakashika midomo. Baba mkwe akavuta kofia usoni, akanipa mgongo, akaondoka, nami nikajua ndoa yangu imeishia pale kwenye kigoda. Kumbe mzee alikuwa anaelekea barabarani, tena mbio, na akasimama katikati na fimbo juu mpaka lori la majani chai likasimama. Dereva akafungua mlango wa mbele, lakini mle tungebanana bega kwa bega, mimi na baba mkwe! Basi yeye, mzee wa kanisa mzima, akapanda nyuma juu ya majani mabichi, ili mimi nikae mbele.

Mnadhani aibu iliishia hapo? Tulipoingia hospitali, mimi mdomo umevimba, gauni lina damu, yeye ana majani mpaka masikioni na fimbo mkononi, sista wa zamu akamvaa mbele ya foleni yote. "Mzee mzima unampiga mjamzito! Huoni haya?"

"Ni jino," akasema baba mkwe.

"Yaani umemng'oa mpaka jino!"

Mzee akainamisha kichwa. Angeweza kujitetea, lakini ingembidi ataje tumbo langu, na hakutaja, alisimama tu akitukanwa. Ikabidi niseme mimi, kwa sauti, mbele yake, kwa mara ya pili siku hiyo.

Sista akaacha ugomvi palepale. Akaweka pembe ya kusikilizia tumboni, akasikiliza muda mrefu, akamwita daktari: moyo unapiga, lakini pole pole mno. Wakanipasua siku hiyohiyo. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Ningengoja mama mkwe arudi kutoka sokoni, daktari alisema, ningezika. Nilimshika binti yangu nikalia upya, na safari hii sikujali nani ananiona.

Tangu hapo nimeapa kwamba mtoto akinyamaza tumboni nitamwambia yeyote aliye karibu, awe mkwe, awe askofu. Na mzee naye, heshima yake hakuivunja. Mimba yangu ya pili ilipokuwa kubwa, kila asubuhi alikuja mpaka kwenye zizi, akaipa nyumba yangu mgongo, akamuuliza ng'ombe kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwangu, "Je, leo amecheza?"

Nami nikajibu huku nikisonga ugali, "Amecheza, Tata."

Ndipo akaenda kukamua.