Chumba Nilichowapa Mbuzi

Mwanangu, kuna swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: mtu aliyepewa siku chache tu aiache nchi, nyumba na duka lake, hupata wapi nafasi moyoni ya kuwafikiria ndege?

Nakumbuka, Wahindi walipofukuzwa nchini, siku Mama Yasmini, mke wa Mhindi mwenye malori na duka pale Tororo, alipotuletea emu wawili kijijini kwetu Mukuju. Ni ndege warefu wanaofanana na mbuni, manyoya yao kama majani makavu. Mumewe aliwapata kwa mzungu mmoja upande wa Kenya.

"Watunze, dada," alimwambia mama yangu. "Nitarudi."

Mama akawaingiza zizini pamoja na mbuzi. Enzi ile ya wanajeshi nguzo na seng'enge hazikupatikana madukani, na mnyama aliyelala nje ya zizi alichukuliwa na wenye bunduki.

Mbuzi wale kumi na wawili walikuwa mahari yangu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimejenga kibanda changu uani kama afanyavyo kijana wa kwetu kabla ya kuoa, nikimngoja mchumba wangu Nyaketcho. Kwa hiyo emu mmoja alipojilaza pembeni mwa zizi siku baada ya siku, hali wala hanywi, niliingiwa na hofu.

"Mama, huyu ni mgonjwa. Tumchinje kabla hajawaambukiza mbuzi."

"Kumbe chuoni walikufundisha homa za ndege?"

"Sasa mbona hali?"

"Kaa naye leo. Kisu kitakungoja, hakina miguu."

Nilikaa, nakiri, kwa hasira. Adhuhuri beberu alimpiga pembe ubavuni. Hakuinuka. Akampiga tena, ndege akashusha shingo tu na kujikunja zaidi. Nilimfukuza beberu, nikainama, na chini ya manyoya nikaona mayai saba ya kijani kilichokolea. Mguuni mwake kulikuwa na uzi mwekundu ambao Mama Yasmini alimfunga dume. Jike aliyeyataga alikuwa upande wa pili, akidonoa maganda ya mihogo.

Mama alicheka hadi akashika kiuno. "Mgonjwa wako ana watoto, baba!"

Mimi sikucheka. Nusura nimchinje baba juu ya mayai yake, ili mimi niwe mume. Jioni nilimwambia mama nimeamua nini. Alinikatia kipande kikubwa cha mhogo.

Nawe sasa, mwanangu, unajenga nyumba yako. Usimhukumu kiumbe ambaye hujakaa naye hata siku moja. Na ukipokea amana ya mtu, usiibane kwenye kona iliyobaki. Ipe nafasi katika kilicho chako, hata kama ulikitamani sana. Mungu akupe mlango ambao mgeni hauogopi, na akujalie usingizi mwema popote utakapolazimika kulala.

Asubuhi yake nilitoa kitanda, godoro na vitabu vyangu, nikavihamishia jikoni kwa mama. Kisha nikamwachia ndege zizi, nikawaswaga mbuzi wote kumi na wawili, beberu akitangulia, mpaka ndani ya chumba nilichokuwa nimemjengea Nyaketcho.