Malazi ya Mgeni Asiye na Miguu

Mama mwenye nyumba wetu kule Temeke hakumkataa nyoka. Nataka jambo hilo lieleweke mapema, kwa kuwa kila ninayemsimulia hudhani palikuwa na mayowe. Hapakuwa na mayowe. Nilimwonyesha kasha la kioo, nikamweleza kuwa huyu ni nyoka wa nyumba, hana sumu, na ni wa mwenzangu wa zoolojia aliyehamia Morogoro kwa utafiti akaniachia nyoka pamoja na kibali chake. Mama aliinama, akakitazama kile kitu chenye unene wa kidole gumba kilichojikunja juu ya gazeti, kisha akavuta hewa kwa pua.

"Mie nyoka nimekua nao Lindi," alisema. "Hanitishi. Ila ananuka."

"Ni gazeti, mama. Limelowa."

"Sasa sikiliza, mwanangu. Ijumaa nina kisomo cha marehemu mume wangu. Watu watapita hapo mlangoni kwako kwenda uani. Wakikunja pua, nyoka anaondoka. Anayembeba ni wewe, na ukishambeba usirudi."

Hivyo nilihitaji malazi yatakayofyonza unyevu na harufu ya nyoka, lakini yasiwe na harufu yake yenyewe, maana pafu la nyoka huumizwa upesi na vitu vinukiavyo. Mtu mwingine angelimaliza suala hilo asubuhi moja. Mimi nilikuwa nimetoka kutetea tasnifu yangu ya uzamili katika takwimu, na jopo lilikuwa limeniuliza swali fupi, "Kwa nini hivi na si vile?", nikashindwa kulijibu. Tangu siku hiyo sikuweza kununua hata sabuni bila kusimama mbele ya duka nikiiandalia utetezi.

Mchanga niliukataa kwanza: nyoka humeza windo pamoja na punje zilizoligandia, na utumbo ukiziba hakuna wa kuuzibua. Pumba za mpunga zina ncha. Vumbi la mbao huingia puani. Yalibaki maranda, vile vipande vilivyojikunja vinavyotoka chini ya randa ya seremala, mradi yasiwe ya msonobari wala ya mti wowote wenye mafuta makali. Nikaenda kwa seremala wa mtaa wa pili.

"Haya ni ya mti gani, kaka?"

"Mninga," alijibu bila kugeuka.

Nilimwonyesha lundo jingine, jeupe kama unga. "Na haya?"

"Mninga."

"Mninga mweupe?"

"Sista, hapa kwangu kila kitu mninga. Kabati mninga, kitanda mninga. Ukitaka, hata mie mninga."

Nilichota konzi nikanusa. Ulikuwa msonobari usio na shaka. Kando yangu, mama mmoja aliyekuja na bajaji kutoka Kinyerezi alikuwa akishindilia maranda kwenye viroba kwa ajili ya vifaranga vyake.

"Una kuku wangapi, mwanangu?" aliniuliza.

"Sina kuku, mama. Nina mfugo mmoja tu."

"Mmoja! Wa nyama au wa mayai?"

Nilifikiri. Alikuwa amenipa majibu mawili, na kwa uadilifu wa kitaaluma sikuweza kuchagua lolote. "Hana miguu," nilisema.

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Pole. Huyo mchinje tu."

Niliondoka mikono mitupu. Njiani nilimkuta muuza nazi anafua nazi zake, na pembeni yake makumbi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, yamelala, makavu, hayana mwenyewe. Nikasimama. Nikayajadili makumbi kwa muda mrefu kiasi kwamba muuza nazi aliniuliza kama nasubiri mtu. Yanafyonza maji. Hayana ncha yakichambuliwa vizuri. Nyoka anaweza kuchimba akajificha. Nilijaza mfuko, nikaenda nyumbani nikayaloweka, nikayasuuza, nikayachambua kwa mkono, nikayakata kwa mkasi, kisha nikayaanika uani juu ya mkeka. Alhamisi mchana nilipoyanusa, nikiwa nimesimama, nikiwa nimechutama, nikiwa nimefumba macho, hayakunuka kitu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya jopo, nilikuwa na uamuzi ninaoweza kuutetea. Nikaenda kuoga kwa furaha.

Nilipotoka bafuni, ua ulikuwa na moshi. Mama mwenye nyumba alikuwa amechutama mbele ya chetezo chenye makaa mekundu. Juu yake alikuwa amefunika tenga la kufukizia nguo, na juu ya tenga, yametandazwa kwa upendo, yalikuwa makumbi yangu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Hebu njoo unuse." Alinipa konzi. "Nimeona umemtandikia mgeni malazi kama ya mfungwa. Sie kwetu hatulazi mgeni hivyo. Huu udi wa harusi, nilikuwa nimeuficha. Na marashi ya waridi nimenyunyiza. Asumini nitazitia kesho, zisinyauke. Hata kama ni nyoka, asije akaenda kutusema huko."

Moshi uliingia ndani ya kila uzi. Kumlaza nyoka humo kungekuwa sawa na kumlaza ndani ya chetezo chenyewe. Lakini unamwambiaje mtu mzima, mwenye nyumba, kwamba udi wake wa harusi ni madhara, na bado ukalala humo humo kwake? Nilipanga hotuba yenye utangulizi, hoja kuu na shukrani.

"Mama," nilianza, "kwa kuzingatia mfumo wa upumuaji wa jamii hii ya wanyama..."

"Wa nani?"

"Ana pumu, mama."

Neno lilitoka lenyewe. Mama aliacha kupepea makaa.

"Pumu?" alisema taratibu. "Kama marehemu?"

Sikuwa nikijua kwamba mumewe alikuwa na pumu. Papo hapo alinyanyua chetezo na kukimbia nacho hadi barabarani, kanga ikimvuka begani. "Na mie namfukiza!" alipiga kelele. "Mbona husemi? Msomi mzima umekaa kimya unataka niue!"

Jioni ile tuliyafua makumbi pamoja, maji baada ya maji, yeye akinusa kila beseni na kuamuru jingine, na asubuhi tukayaanika juani.

Ijumaa, wanawake walipoanza kuingia, nilikuwa nimekaa chumbani kando ya kasha. Nyoka alikuwa amezama kwenye makumbi, pua tu ikionekana. Nilimsikia mama akitoa amri ukumbini: chetezo kikae baraza ya mbele, asilete mtu udi ndani, chumba cha mwisho kuna mgonjwa wa pumu. Wageni walipita mlangoni kwangu wakinyata. Hakuna aliyekunja pua. Kisomo kilipokwisha, baada ya marehemu kuombewa, akaombewa na mgonjwa, kifua chake kifunguliwe. Wote wakaitikia amina. Nami nikaitikia; sikuona sababu ya kitaaluma ya kukataa.

Kisha bibi mmoja akabisha hodi, akanipa sahani ya pilau kupitia upenyo wa mlango. "Mpe mgonjwa, ale kidogokidogo. Ni wa kike au wa kiume?"

"Bado sijajua, bibi," nilijibu kwa ukweli.

Alinisukumia sahani kifuani. "Kula wewe," alisema. "Naona mgonjwa ni wewe."

Wageni walipoondoka, mama alikuja na kichupa. Alisimama katikati ya chumba akavuta hewa, akageuka, akavuta tena.

"Hanuki," alisema.

"Hapana, mama."

"Ameletewa mafuta ya habasoda. Apakwe kifuani." Akainama kwenye kioo. "Hivi kifua chake kinaishia wapi?"

Nilikuwa natafuta rula alipofungua kichupa, akanusa, akakifunga upesi.

"Ah, yananuka haya, hayawezi. Nitapaka goti langu." Alipofika mlangoni aligeuka. "Na hayo makumbi ni machache. Kachukue mengine, uanike kabla ya masika."