Mwaka Nilioambiwa Ningoje Hesabu

Mume wangu hakunikataza kusoma. Angenikataza tungegombana siku ileile, tungerushiana masufuria, na mambo yangekwisha. Yeye aliniambia ningoje.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, hapa Gisenyi, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi saba. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya komini: chuo kimoja cha biashara kingefungua darasa la mchana mjini kwetu, miaka miwili, ukimaliza unapewa diploma. Mafaili ya maombi yangepokelewa wiki moja tu, halafu mtihani wa Kifaransa na hesabu.

Kifaransa hakikunitisha. Hesabu ndiyo iliyonitisha. Nilisomea Goma, wazazi wangu walikokimbilia kabla sijazaliwa, na huko niliwekwa upande wa Kilatini, lugha nyingi na hesabu kidogo. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa halipwi na serikali, basi alikuwa anauza petroli ya chupa barabarani, darasani anakuja siku akijisikia. Kwenye diploma yangu ya sekondari, mbele ya neno hesabu, kuna alama niliyokuwa naifunika kwa kidole gumba kila nikimwonyesha mtu ile karatasi.

Na kulikuwa na jambo la pili: ruhusa ya mume. Mama yangu alikuwa mwalimu Goma, na kila alipohama shule ilibidi baba aandike barua ya kumruhusu. Mara moja baba alikasirikia maharage yaliyozidi chumvi, akakataa kuandika. Mama akakaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya chumvi. Kwetu sisi tuliotoka Zaire jambo hilo halikuwa la kuuliza. Mwanamke wa ndoa hapeleki faili bila karatasi ya mume, kama usivyokwenda kuteka maji bila jerikani. Tangazo halikuitaja karatasi hiyo, nami nikajiambia hawawezi kupoteza wino kwa kitu ambacho kila mtu anakijua.

Jioni, mume wangu akiwa anakula, nikamwambia, "Uniandikie barua ya ruhusa."

Akaacha kutafuna. "Ruhusa ya nini?"

"Ya chuo. Bila saini yako hawatapokea faili yangu."

Alinitazama kwa muda. Leo najua alikuwa anatazama nini. Siku ile nilidhani anamfikiria mtoto.

"Bon," akasema. "Mi sikatale. Lakini we na hesabu munajuana? Utaenda kujiaibisha mbele ya batu. Ngoja mwaka moja, ujifunze. Mwaka ijayo nitasaini."

Alisema kwa upole. Hata alinisogezea nyama.

Jirani yangu, tuliyesoma naye darasa moja Goma, alikuja asubuhi yake na faili kwapani. Alikuwa mjane, ananunua maharage Kanama na kuyavusha mpakani kwenda kuyauza Goma. Hesabu alikuwa mbovu kunipita.

"Vaa viatu, sha. Tuende."

"Mume wangu hajasaini. Anasema mwaka ujao. We una bahati, huna wa kukusainia."

"Bahati? Nikuuzie hii bahati, unilipe na bwana yako?"

Tulicheka. Nikamuuliza mtihani wa hesabu ataufanyaje.

"Nitaandika jina yangu vizuri. Labda jina iko na pointi."

Akaenda. Akachukuliwa. Kumbe wale wasiojua hesabu chuo kiliwaweka pamoja, kikawafundisha miezi mitatu kabla ya masomo yenyewe. Alinihadithia akiwa amesimama mlangoni kwangu, vidole vimejaa chaki, na mimi nina nepi mkononi.

Mimi nilikwenda Rugerero mara mbili kwa wiki, kwa mwalimu mmoja mzee aliyestaafu, mtoto mgongoni. Kuna wiki sikwenda, kwa sababu risasi zilisikika milimani na watu walijifungia. Mzee alinianzisha na sehemu na asilimia, kama mtoto wa shule ya msingi. Nikifika kwenye ile x naweka kalamu chini. "Mama," ananiambia, "x si mutu. Usimuogope, umutafute." Nilimtafuta mwaka mzima. Namtafuta nikimenya viazi, namtafuta nikinyonyesha. Na kila saa saba na nusu jirani yangu anapita mbele ya nyumba yetu na madaftari yake, ananipungia mkono.

Mwaka ukaisha. Tangazo likabandikwa tena, na mume wangu akatimiza ahadi. Alikuwa karani wa komini. Barua aliipiga mashine mwenyewe, safi, akaweka saini yenye mkia mrefu. Nikamshukuru. Nilimshukuru! Nikikumbuka nataka kujipiga kofi.

Kwenye dirisha la mafaili alikaa msichana aliyerudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake cha kunyooka.

"Hii nayo ni nini, dada?"

"Ruhusa ya mume wangu."

"Nani kakuomba?"

Akamwita mwenzake aje aone. "Hatujawahi kuiomba karatasi hii. Hata mwaka jana." Kisha akaisoma mpaka chini, kwenye saini, na kicheko kikamwisha. "Lakini huyu si yule karani wa komini? Tangazo letu ndiye anayelipiga mashine. Mwaka jana pia. Alijua tunachotaka."

Akanirudishia barua kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole msibani.

Nilimkuta mume wangu nyumbani anavua viatu.

"Ulijua hawaombi karatasi."

"We ndiwe uliniomba," akasema. "Mi nilikuambia siku gani kama inaombwa?"

Ni kweli. Hakuniambia. Hata uongo wenyewe niliubeba mimi kutoka Goma, yeye akaupokea tu, akaufungia kabatini mwaka mzima.

Mtihani nikafanya. Hesabu nikapata kumi na mbili juu ya ishirini. Orodha ilipotoka, mume wangu alinunua kreti ya bia, akaita majirani, akasimama katikati ya sebule yangu.

"Munaona? Mwaka jana huyu angeanguka. Mi nilimwambia angoje."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, mwanaume mwenye akili anajua wakati. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la ndizi. Labda ningeanguka kweli. Sitajua kamwe, na hilo pia amenipokonya.

Jirani yangu alikuwa ameegemea mlango, amebeba mtoto wangu.

"Mi hesabu nilipata ine," akasema. "Ine juu ya makumi mbili. Na sasa niko mwaka ya pili."

Alisema hiyo nne yake kwa sauti, kila mtu alisikia. Mume wangu akainama kwenye kreti, akauliza nani bado hana chupa.